Wiki niliyoona kila mtu mbaya: jinsi mudi inavyotuchagulia cha kuona

Mwaka juzi nilitolewa kinyama shingoni. Kilikua kivimbe kidogo tu kama punje ya harage, kimekaa hapo chini ya taya miezi kadhaa, hakiumi wala hakiwashi, daktari akakibonyeza bonyeza halafu akasema tutoe kipande tupeleke maabara, majibu njoo uchukue baada ya wiki. Wiki ikawa siku 11.

Mimi nakaa Mbagala, chumba na sebule, na njia ya kutoka kwangu mpaka stendi naweza kuipita usiku umeme umekatika na nisijikwae. Unampita mama wa vitumbua, unapita kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe, unampita fundi cherehani anayefungulia redio mpaka mwisho, halafu ndo stendi. Siku zile 11 yule mama wa vitumbua alikua ananikodolea macho shingoni kila asubuhi. Bodaboda wakicheka nikajua wananicheka mimi. Fundi na redio yake nikaona hana adabu. Konda alichelewa kunirudishia chenji, shilingi mia mbili, nikamfokea mbele ya daladala nzima mpaka mzee mmoja wa kiti cha mbele akageuka akaniambia taratibu, "mwanangu, ni mia mbili hiyo". Kitumbua chenyewe nilikua nasikia mafuta tu, hamna utamu. Jioni mama akanipigia kutoka nyumbani, nikamsimulia wote hao mmoja mmoja, akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, wiki hii dunia nzima imekukosea wewe. Usiku unalala kweli?"

Silali, nikamjibu, na nikakasirika kwamba anabadilisha mada.

Majibu yakatoka, tezi imevimba tu, hamna cha kutisha. Nikarudi kwa njia ile ile, saa tisa mchana jua la kuchoma, na naapa fundi alikua anapiga taarabu nzuri sijawahi kusikia. Nikafika kwa yule mama, mchana anauza mihogo ya kukaanga, akanitazama shingoni kama kawaida yake akauliza, "Kidonda kimefunga baba? Maana kila asubuhi naiona hiyo plasta, nikawa naogopa kukuuliza."

Hicho kitu hakijanitoka mpaka leo. Alikua anaiangalia shingo yangu kweli, hapo sikukosea, macho yangu yalifanya kazi yake vizuri tu. Nilichokosea ni maana, nilichukua jicho la huruma nikalisoma kama jicho la kunisengenya, na nilikua na uhakika kabisa, ungeniuliza siku ile ningekula kiapo. Tangu hapo nimekua nikisoma kila ninachopata kuhusu hii habari ya hali ya ndani na jinsi tunavyoiona dunia, na naomba niieleze kwa kadiri nilivyoielewa, kwa sababu naona mtaani inaelezwa vibaya, tena wakati mwingine inaelezwa kwa namna inayoumiza watu.

Wengi wanasema mudi ni kama miwani ya rangi, ukivaa nyeusi unaona giza. Mimi huo mfano hauniridhishi. Miwani inapaka kila kitu rangi moja, mudi inachagua. Chukulia umefika Unguja mara ya kwanza, hujui kona hata moja, umepewa mwenyeji wa kukutembeza. Mwenyeji mwoga atakupitisha akikuonyesha kichochoro alichokabwa mtu, ukuta unaotaka kuanguka, mbwa wa nani mkali. Mwenyeji mlaji atakupeleka Forodhani kwenye urojo na mishkaki, akuonyeshe miwa inapokamuliwa. Jioni mtapiga stori za miji miwili tofauti na hakuna aliyedanganywa, vichochoro vipo na urojo upo. Mudi ndo mwenyeji huyo.

Sasa mudi yenyewe ni nini? Hasira ina mtu wake: umekanyagwa mguu, unamkasirikia aliyekukanyaga, akisema samahani inapungua. Hofu nayo ina kitu chake, umeona nyoka, nyoka akienda na hofu inaenda. Mudi haina anwani. Umeamka tu kila kitu kizito, au umeamka mwepesi unaimba bafuni, mtu akikuuliza kuna nini unasema hamna kitu. Chanzo chake sehemu kubwa kiko mwilini: umelala kiasi gani, umekula nini, kuna homa inaanza, kuna deni linakukaba, homoni ziko wapi, juzi uliumizwa na nini. Ubongo unapokea hizo ripoti za moyo, tumbo, mapafu na damu muda wote, usiku na mchana, na hausomi namba moja moja, unapata kitu kama jumla yake: leo tuko vizuri, leo tuko pabaya. Hiyo jumla ndo tunaiita kujisikia, na Kiswahili kimelisema wazi kabisa, "sijisikii vizuri", yaani najisikiliza mwenyewe na ninachosikia si kizuri.

Shida inaanza hapa, ubongo upo ndani ya fuvu, kwenye giza, haujawahi kuona mwanga wala kusikia sauti moja kwa moja, unachopata ni ishara tu zinazopita kwenye mishipa, halafu wenyewe unakisia huko nje kuna nini. Hermann von Helmholtz, Mjerumani aliyekua daktari na pia mwanafizikia, alilieleza hili tangu karne ya 19: kuona ni kukisia kwa haraka sana ambako mwenye macho hajui kama anakisia. Mnakumbuka ile picha ya gauni ya mwaka 2015, nusu ya dunia wanaona bluu na nyeusi, nusu wanaona nyeupe na dhahabu, watu wanagombana mpaka na wachumba wao? Picha ni moja. Kila ubongo ulikisia kivyake gauni liko kwenye mwanga wa aina gani, ukatoa hesabu, ukampa mwenyewe rangi iliyokamilika. Hakuna aliyesikia hesabu ikipigwa.

Na kama ubongo unakisia, lazima ukisie kwa kutumia kitu, na kimojawapo ni ile jumla ya mwili. Mwili ukiripoti tuko pabaya, ubongo unaanza kutafuta hatari iko wapi, na mtafutaji hakosi. Wazee waliliona zamani, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Angalia methali hiyo ilivyo makini, haisemi anaona nyoka asiyekuwepo, unyasi upo, umelala pale chini umejikunja, ila kwake yeye unyasi unafika ukiwa umeshavaa maana ya nyoka kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Upande wa pili wana ukipenda, chongo huita kengeza. Jicho lile lile.

Kumbukumbu nazo zinachaguliwa hivyo hivyo, na hapa kuna utafiti mmoja ambao kwangu ndo ulionifungua macho. Mwaka 1982 Waingereza wawili, David Clark na John Teasdale, waliwafuata wagonjwa wa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ambao ugonjwa wao unapanda na kushuka ndani ya siku moja, yaani kuna saa fulani mtu anazidiwa na saa nyingine anapata ahueni. Wakawapa maneno ya kawaida tu, wakawaambia kila neno likukumbushe tukio lolote la maisha yako. Mtu akiwa kwenye zile saa mbaya, kumbukumbu za huzuni zilikuja zaidi na za furaha zikapungua, saa zikiwa na nafuu picha ikabadilika. Mtu mmoja, siku moja, maisha yale yale aliyoyaishi. Ukimuuliza wakati mbaya "je maisha yako yamekuwaje?" anafungua stoo na anakutana na mabaya yamepangwa mlangoni, anakujibu kwa ukweli wake wote kwamba maisha yangu yamekua mabaya siku zote. Hajadanganya na hadeki. Ndo maana kumwambia mtu wa sonona "mbona una mambo mazuri mengi, kumbuka basi" inakua kama kumwambia mtu mwenye mguu uliovunjika atembee, kwa sababu kile unachomwambia akitumie ndo hicho hicho kilichoumia.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema sawa, hayo ni mawazo na kumbukumbu, vitu vya kichwani, lakini maumivu ni maumivu, ukikatwa umekatwa. Hata mimi nilidhani hivyo.

Vita ya pili ya dunia kulikua na daktari Mmarekani wa nusu kaputi anaitwa Henry Beecher, alihudumu Italia akipokea askari waliotoka kuumizwa muda si mrefu, watu wamevunjika mifupa mikubwa, wamepasuka matumbo. Alikua anawauliza kitu rahisi: unataka dawa ya maumivu? Mwaka 1946 akaandika kwamba karibu robo tatu ya hao waliojeruhiwa vibaya walisema hapana, hawahitaji. Mtu anaweza kufikiri labda walikua wamekufa ganzi na mshtuko, ila Beecher aliona kwamba hao hao ukiwachoma sindano ya mshipa vibaya wanalalamika kama mtu mwingine yeyote, kwa hiyo mishipa ya fahamu ilikua macho. Baadaye, mwaka 1956, akachapisha ulinganisho na raia wa kawaida waliofanyiwa upasuaji hospitalini: askari waliotaka dawa walikua asilimia 32, raia asilimia 83, wakati majeraha ya raia hayakua makubwa kama ya askari.

Maelezo yake ndo yaliyonigusa. Kwa askari, kidonda kile ni tiketi ya kutoka. Ametoka kwenye mabomu, amelala kitandani, anarudi nyumbani akiwa hai, vita kwake imeisha. Kwa raia kidonda ni mwanzo wa shida: kazi itakuaje, nani atalipa, watoto watakula nini. Nyama iliyokatwa inapiga kelele sawa sawa kwa wote wawili, lakini kelele ile kabla haijawa maumivu inapita kwanza kwenye swali moja, je hii inamaanisha nini kwangu?

Na hilo swali lina mikono ndani ya mwili kabisa. Mwaka 1978 kule San Francisco, Jon Levine na wenzake walichukua watu waliong'olewa magego, wakawapa kitu kisicho na dawa huku wagonjwa wakijua wanaweza kuwa wamepewa dawa ya maumivu, na baadhi yao maumivu yakashuka kweli. Hicho ndo wanakiita plasebo. Halafu wakawapa naloksoni, ile dawa inayotumika kumwokoa mtu aliyezidisha heroini kwa kuzuia dawa za jamii ya afyuni, kama heroini na morfini, zisifanye kazi mwilini. Hao waliopata nafuu, maumivu yakarudi juu. Kaa na hilo kidogo: kama naloksoni inaweza kuiondoa ile nafuu, basi nafuu haikua ya kujifanya, mwili wenyewe ulikua umefungua duka lake la dawa, umemwaga kemikali zinazofanana na morfini, kwa sababu tu mtu aliamini anatibiwa. Kipendacho moyo ni dawa, sisi tunaisema hii miaka yote tukidhani ni habari za mapenzi tu.

Kuna Mwitaliano pia, Fabrizio Benedetti wa Turin, yeye na wenzake walifanya kinyume chake: wagonjwa waliotoka kupasuliwa wakapewa dawa halisi ya maumivu, ila wengine walichomwa na daktari aliyesimama pembeni ya kitanda akiwaambia sasa hivi utapata nafuu, na wengine mashine iliwaingizia kimya kimya bila wao kujua ni saa ngapi. Waliofichwa walihitaji dawa nyingi zaidi kupata nafuu ile ile. Nikikumbuka manesi wa wodi, yule anayekuja na kusema "pole mama, nakuchoma hii, baada ya robo saa utajisikia vizuri" na yule anayekuchoma huku anaongea na simu, naona hao hawatoi dozi moja ya dawa hata kama bomba la sindano limejaa sawa. Natamani kila chuo cha uuguzi kifundishe hili siku ya kwanza.

Turudi kwenye kukosea maana, maana hapo ndo tunapoumizana sisi kwa sisi. Nimesema mudi haina anwani. Binadamu hapendi kitu kisicho na anwani, anakiandikia. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walienda Capilano, karibu na Vancouver, Canada, kuna daraja la kamba refu linaning'inia kama mita 70 juu ya mto, linayumba, kizuizi cha pembeni kifupi. Wanaume wakivuka wanakutana na dada mmoja anawaomba wajaze fomu ya utafiti, mwishoni anawapa namba ya simu, wakitaka maelezo zaidi wapige. Kati ya 18 waliochukua namba kwenye daraja la kutisha 9 walipiga. Kwenye daraja jingine, fupi na imara, waliochukua namba ni 16 na waliopiga ni 2. Moyo unadunda kwa ajili ya kimo, mbele yako kuna dada, ubongo unapiga hesabu: yule ni mzuri sana. Watu ni wachache kwenye utafiti huo, siwezi kujenga nyumba juu yake, lakini nani hajawahi kumgombeza mtoto jioni kwa kosa la bosi wa asubuhi?

Kuna utafiti mwingine unaotajwa sana, wa mwaka 1983, wa Norbert Schwarz na Gerald Clore. Waliwapigia wanafunzi simu siku za jua na siku za mvua kuwauliza wanaridhika vipi na maisha yao yote kwa ujumla. Siku za jua maisha yalikua mazuri zaidi. Lakini kama mpigaji alianza kwa kuuliza tu "huko hali ya hewa ikoje?" ile tofauti ikapotea. Wengine walikuja kuchukua data za Wamarekani zaidi ya milioni moja, wakachapisha mwaka 2013, na hawakuona mvua na jua vikibadilisha jibu kwa namna ya kueleweka, kwa hiyo habari ya hali ya hewa yenyewe mimi naiweka pembeni. Ninachobaki nacho ni ile hatua ya pili, wazo kwamba mudi tunaisoma kama taarifa kuhusu jambo lililo mbele yetu, na ukionyeshwa ilipotoka inapoteza nguvu ya kutoa ushahidi. Mama yangu hajamsoma Schwarz. Aliniuliza kama nalala.

Sasa nifike kwenye kinachonikera. Ukishaelewa haya, kuna watu wanakuja kukuuzia: badili mtazamo utabadili maisha, masikini ni masikini wa fikra, ugonjwa unaanzia kichwani. Semina za hotelini, kiingilio elfu hamsini. Naomba tuwe makini hapa kwa sababu nusu ya ukweli ikiuzwa kama ukweli mzima inaua watu, kuna watu wameacha vidonge vya presha kwa ajili ya maneno haya.

Chukua utafiti wanaoupenda, wa Alia Crum na Ellen Langer mwaka 2007, wahudumu 84 wa vyumba katika hoteli 7 za Marekani, wanawake wanaotandika vitanda na kudeki siku nzima. Kundi moja likaambiwa kwamba kazi yenu hii ni mazoezi tosha kwa viwango vya madaktari. Baada ya wiki 4 uzito na presha za waliokuwa wameambiwa vilikua vimeshuka, wenzao hapana. Unavutia, siukatai, ila angalia ni watu wangapi na ni muda gani, na suala la kama walibadilisha mwendo wao nje ya kazi lilitegemea tu maelezo yao wenyewe. Pia angalia kwamba wale kina mama walikua wanafanya kazi ngumu kweli. Hakuna aliyepungua kwa kukaa kwenye kochi akiamini anakimbia.

Au chukua ile hisia kwamba kwenye ajali muda unasimama. Mwaka 2007 Chess Stetson, David Eagleman na mwenzao walichapisha walichofanya Dallas, watu waliangushwa mgongo mgongo kutoka mnara wa mita 31 wakadakwa na wavu chini. Walipoulizwa, kwa wastani waliona kuanguka kwao kulichukua muda mrefu kwa asilimia 36 kuliko walivyokadiria kwa wengine waliowaona wakianguka. Mkononi walikua wamefungwa kifaa kinachowasha namba haraka haraka kiasi kwamba kwa kawaida husomi. Kama muda ulikua umepungua kasi kweli kwao wangezisoma. Hawakuzisoma. Hofu iliandika kumbukumbu nzito, nene, ya tukio fupi, macho hayakuongezewa nguvu hata kidogo. Kwa hiyo nguvu ya hali ya ndani inafika mahali fulani inaishia. Inagusa maana, maumivu, kumbukumbu, unachokitazama, unachothubutu kufanya. Kile kinyama changu kilikua kimeshaamua kuwa tezi tu kabla sijaanza kuogopa, na kingekua kingine, furaha yangu isingekigeuza.

Halafu wanasahau kwamba barabara inaenda pande mbili, dunia nayo inaiumba mudi. Kusini mwa India, Tamil Nadu, watafiti wakiongozwa na Anandi Mani waliwapima wakulima wa miwa 464, mkulima yule yule kabla ya mavuno na baada ya mavuno. Kabla ya mavuno hela imeisha, wameweka vitu rehani, madeni yamejaa. Matokeo yalitoka 2013: kwenye majaribio ya kufikiri mtu yule yule alifanya vibaya kabla na vizuri baada ya kuuza miwa. Hakuna aliyehudhuria semina katikati. Wamepata hela, kichwa kikapata nafasi. Kwa hiyo ukikutana na mama anayelea watoto 4 na kodi ya nyumba miezi miwili hajalipa, ukamwambia tatizo lako ni mtazamo, umemwongezea mzigo juu ya mzigo, sasa ana shida na pia ana hatia ya kuwa na shida.

Ndo maana napenda walichofanya Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza Mbare, Harare, na bibi 14, bibi za mtaani kabisa, akawafundisha kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Washona, watu wa huko, wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, na sisi tunalo la kwetu tunalitumia kila siku bila kushtuka, "ana mawazo", "usiwe na mawazo bwana", wingi tu wa neno wazo limegeuka jina la ugonjwa. Bibi hamwambii mgeni afikiri chanya. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua akili: mtu anamwaga yote aliyonayo, kodi, mume, ugonjwa, mtoto aliyefukuzwa shule. Kisha wanachagua tatizo moja, moja tu, linaloweza kushikika, wanapanga atafanya nini wiki hii, anaenda anafanya, anarudi anasema ilikuaje. Walipoupima katika zahanati 24 za Harare na watu 573, wakachapisha 2016, baada ya miezi 6 waliobaki na dalili za sonona upande wa mabenchi walikua kama asilimia 14, upande wa huduma ya kawaida karibu asilimia 50. Mpango huo umeshafika mpaka Zanzibar.

Ukitazama vizuri, yule bibi anashika ncha zote mbili za kamba. Anapunguza kitu kimoja huko nje, halisi, na huku ndani anampa mtu mahali pa kuiandikia ile mudi anwani sahihi: huu uzito wote unaousikia kama "maisha yangu hayana maana" kumbe una kodi ndani yake, una usingizi wa wiki tatu ndani yake, una msiba ambao hujaulia.

Mama yangu siku hizi nikimpigia nikianza kulalamika hajibu hoja hata moja, anauliza nimelala saa ngapi na nimekula nini. Wiki iliyopita nilimpigia nikiwa nashuka stendi nikamwambia bosi kashanichoka mama, kanijibu meseji vibaya, nadhani kazi ndo basi. Akauliza, "Umekula?" Ilikua saa kumi na moja jioni na sijatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi. "Basi kula kwanza, halafu unisomee hiyo meseji." Nikasimama kwa mama wa mihogo, nikachukua ya mia tano na kachumbari, nikala pale pale nimesimama, nikajifuta mkono kwenye suruali nikafungua simu nimsomee. Ilikua imeandikwa, "Sawa. Tuongee kesho."